Baba Mkubwa Kwenye Barabara Isiyo na Magari

Joubert Park, Johannesburg
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Kaka Gustave, mkubwa wa nyumba yetu, popote ulipofika na baiskeli hiyo,

Mama Concilie, shangazi yake Glody, alitangaza jana kanisani baada ya matoleo kwamba wewe umekuwa mkimbizi tena. Aliinua simu yake juu ili watu waone, akasema: "Wapendwa, Ufaransa kumeharibika. Baba mkubwa wa Murielle yuko njiani na mizigo." Kanisa lilikuombea mpaka watu wa ibada ya pili wakaanza kugonga mlango.

Nakuandikia kwa heshima unayostahili, lakini nalalamika. Glody ndiye anayemchumbia binti yangu Murielle, na unajua kwamba kwa desturi yetu anayewapokea wakwe si mimi baba yake, ni wewe. Jumamosi hii wanapaswa kukuona kwenye simu, wakusikie ukitoa neno la familia, kisha tarehe ya harusi ipangwe. Sasa Mama Concilie anasema hawawezi kuoa katika nyumba ambayo mkubwa wake anakimbia. Murielle hajala vizuri tangu jana. Chanzo ni zile video tatu ulizotuma za safari yako ya baiskeli. Nimezitazama upya pamoja na mke wangu Marcelline, na malalamiko ni haya.

1. Barabara yenyewe. Ni changarawe. Miaka yote hii tumewaambia watu hapa kwamba kaka yetu yuko Ulaya, kwenye lami. Baba alisukuma baiskeli yenye madumu ya mawese kutoka Baraka hadi Uvira, juu ya changarawe kama hiyo, akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayerudia kazi hiyo. Wewe umeirudia, tena bila mawese. Marcelline aliikagua video nzima akitafuta angalau dumu moja. Mtu anayepanda baiskeli kutwa nzima bila kupeleka chochote sokoni, tumweleze vipi kwa wakwe?

2. Reli. Unasema kwa mdomo wako, bila kulazimishwa na mtu, kwamba njia hiyo zamani ilikuwa reli, wakaing'oa, wakamwaga changarawe ili watu wapite na baiskeli. Hapa Johannesburg pia kuna reli zilizong'olewa. Lakini hapa wanaong'oa ni wezi, na hakuna anayejitokeza kujisifu. Huko ni serikali yenyewe, mchana kweupe, halafu ikaweka kibao na benchi la kupumzikia. Jirani yangu Yves, yule Mrundi mwenye kibanda cha kunyoa karibu na Park Station, aliniuliza: "Eish, Damien, hiyo nchi inaenda mbele au inarudi?" Nikamwambia nitakuuliza wewe, kwa sababu mimi huwa sibahatishi majibu.

3. Hakuna magari. Hili ndilo zito. Katika video zote tatu halionekani gari hata moja, na wewe unalitangaza jambo hilo kama habari njema. Hapa barabara ikikosa magari tunajua ama madereva wa teksi wamegoma, ama kuna jambo limetokea na mwenye akili hatoki nje. Kwetu Uvira, barabara nzima isiyo na gari wala mtu ina maana moja tu, na unaijua. Kisha ukaingia kijijini. Nyumba za mawe, nzuri, maua mlangoni, madirisha yote yamefungwa kwa mbao. Hakuna mtoto, hakuna kuku, hakuna mama aliyetandika chochote cha kuuza. Mama Concilie alisimamisha video hapo, akauliza: "Hawa walikimbia lini?" Mtu mmoja wa safu ya nyuma akajibu: "Si zamani, mama. Maua bado yana maji."

4. Mizigo. Begi moja mbele ya usukani, jingine chini ya kiti, jingine katikati ya fremu, na hema limeviringishwa na kukazwa kwa kamba. Karibu kila mtu aliyekuwa kanisani amewahi kufunga mzigo namna hiyo. Hakuna aliyewahi kuufunga kwa kupenda. Halafu ukatamka kwamba hujui usiku huo utalala wapi, na ukacheka. Hapo ndipo akina mama walipoanza kulia, kwa sababu kicheko hicho nacho wanakijua.

5. Maji ya makaburini. Umeonekana ukijaza chupa kwenye bomba la makaburini, ukaeleza kwamba wapanda baiskeli wenzako nao huchota hapo. Mchungaji alijaribu kukutetea. Alikumbusha kwamba hata Hajiri alipewa maji jangwani. Mama Concilie akamjibu: "Jangwani, Mchungaji. Hajiri hakuchota kwa marehemu." Mchungaji akatangaza wimbo.

6. Kaptula. Naandika hapa kwa aibu. Wewe ni baba mkubwa wa bibi harusi. Wakwe wamekuona katika kaptula nyeusi inayobana kiasi kwamba Marcelline alifunika simu kwa kiganja. Wengi wameamini kwamba nguo zako zilibaki ulikokimbia. Kwa hiyo kanisa linakusanya suruali. Mafundi cherehani wa Doornfontein wametoa gunia zima, wenye maduka wa Diepsloot wameahidi jingine, na mimi nimeombwa kipimo cha kiuno chako mbele ya watu. Glody naye alileta suruali aliyoshonewa kwa ajili ya harusi. Nimemrudishia, kwa sababu bado natumaini ataihitaji.

Kaka, mimi husoma habari za jumuiya yetu redioni na nimezoea kukanusha uvumi. Huu umenishinda, kwa sababu kila anayenipinga ana picha, na picha ni zako. Nikisema hukimbii, wananionyesha mizigo. Nikisema huko kuna amani, wananiuliza watu wako wapi. Sisi hapa bado tunapanga foleni kila mara kuhuisha vibali vya ukimbizi. Tulikuwa na mtu mmoja tu katika ukoo ambaye tulisema amemaliza kukimbia, naye ni wewe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Toka porini. Tafuta mji wa kweli, usimame penye taa za barabarani, hizi tunazoziita robot, wakati wa foleni, kisha urekodi video mpya. Magari yapige honi. Mtu akikutukana, usimkatishe. Kama hakuna mji karibu, mwone meya wa mahali hapo, umweleze kwa adabu kwamba kuna harusi, umwombe aruhusu magari machache yapite kwenye njia hiyo siku ya Jumamosi. Malori mawili na basi moja vinatosha. Akisema hana magari, mwambie Johannesburg iko tayari kumsaidia kwa ushauri: madereva wetu wa teksi wameweza kujaza hata njia za waenda kwa miguu. Naomba pia changarawe ifunikwe kwa lami, walau kile kipande kitakachoonekana kwenye kamera. Suala la kurudisha reli namwachia meya mwenyewe, sitaki kuonekana naingilia mambo ya nchi ya watu.

Marcelline anakusalimu. Murielle anakusalimu na anaomba uharakishe. Yves anakusalimu na swali lake liko palepale. Mchungaji na waumini wote wanakusalimu, pamoja na wale wa ibada ya pili waliobaki nje.

Mdogo wako anayekuheshimu na asiyekuelewa,

Damien

Nyongeza, Jumanne asubuhi. Nilikuwa bado sijatuma barua hii alipobisha hodi Mzee Adrien, baba yake Glody, akitoka kazini. Analinda jengo moja Doornfontein. Jumapili alikuwa lindoni, hakuwa ameona chochote zaidi ya aliyosimuliwa na dada yake Concilie. Aliomba nimwonyeshe. Alianza kutazama amesimama, akamaliza amekaa. Katika video ya tatu, pale unapolaza baiskeli kwenye majani bila kufuli, unavua viatu na kusinzia, aliniambia nisimamishe.

"Damien, huyu hakimbii," alisema. "Mimi nimekimbia mara mbili. Mtu anayekimbia havui viatu."

Akaniuliza kama ni kweli hakuna gari litakalotokea nyuma yako. Nikasema ndivyo ulivyoeleza. Akauliza kama hakuna atakayekusimamisha akudai karatasi. Nikasema katika video hayupo. Akatazama tena tangu mwanzo, na chai yake ikapoa. Kisha akampigia Mama Concilie palepale sebuleni kwangu: "Dada, nyumba hii ina mtu anayelala njiani mchana na baiskeli yake haiibwi. Unataka ukoo gani mwingine? Tunaoa." Murielle alikuwa jikoni. Tulisikia sufuria ikianguka.

Mzee ana sharti moja. Jumamosi asikukute mjini. Anataka akukute kwenye njia hiyohiyo, juu ya baiskeli, na mizigo yako yote, ukienda polepole ili aone pande zote mbili. Na kabla hujatoa neno la familia, unyamaze kidogo, asikie changarawe.

Kwa hiyo maombi yangu yote hapo juu usitekeleze hata moja, na meya usimsumbue. Barua siiandiki upya. Ni vizuri ujue tulivyopata taabu. Simu itapigwa Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nane mchana. Msimu huu saa zetu na zenu zinalingana. Mvua ikinyesha huko, kikao kitasogezwa hadi tarehe 21. Gari likipita, vivyo hivyo.