Wiki Mbili za Kutikisa Kichwa

Jumapili, 2 Juni

Nimefika. Nimeshavishwa aproni mara mbili, na hata chakula cha jioni hakijaiva!

Sheria ya nyumba hii ya kufundishia Kiingereza ni moja. Ukishavuka geti ni Kiingereza tu, mpaka siku ya kuondoka. Kula kwa Kiingereza, kufua kwa Kiingereza, kuota kwa Kiingereza ukiweza. Anayenaswa akisema Kiswahili anavaa aproni ya kijani na kuosha vyombo vya wote mpaka anaswe mwingine. Mkuu wa nyumba ni mwalimu mstaafu, bibi mwembamba mwenye raba nyeupe zisizotoa sauti hata kidogo. Nimempa jina: Bibi Raba. Mara ya kwanza alininasa nikisema "jamani" mlango uliponibana kidole. Mara ya pili nilikuwa namweleza kwa nini nilisema "jamani".

Haya naandika bafuni. Sheria inakataza kusema. Kuandika haikutaja.

Hotelini tumetoka wawili: mimi wa mizigo na mpishi wa mayai. Meneja anataka mtu mmoja wa kaunta ya mapokezi. Jumamosi ya mwisho atakuja mwenyewe kutusikiliza, na atachagua. Atanichagua mimi, bila shaka. Mayai (hakuna anayemwita vinginevyo) ni mtu mzima, ana mjukuu, na mikono yake inanukia siagi saa zote. Mapokezi atasimamaje?

Kuna jambo moja dogo linanisumbua. Mama mkwe nilishamwambia kwamba niko mapokezi. Nilimwambia tangu mwaka jana. Aliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, mbele ya shemeji zangu wote, na mdomo ukakataa kutaja masanduku.

Jumatatu, 3 Juni

Aproni siku nzima. Vidole vimekunjamana.

Mezani Mayai alisimulia habari za familia yake kwa Kiingereza. Mkewe alimfanya mwanamume, mwanawe akamfanya mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Naye akacheka! Kisha akarudia upya, akakosea pengine. Hana haya kabisa. Mimi siwezi kujidhalilisha hivyo. Nasubiri nikijue chote kwanza, ndipo nifungue kinywa.

Simu zetu zimefungiwa kabatini, lakini mke wangu alipiga ya ofisini. Bibi Raba akasimama pembeni yangu, mikono nyuma. Mke wangu akasema mama yake anakuja Jumapili ya tarehe 16 pamoja na wanawake wa kikundi chake. Wakishuka basi tu, moja kwa moja hotelini, anataka wenzake wamwone mkwewe kwenye kaunta. Nilitaka kupiga yowe. Kwa Kiingereza nilichokuwa nacho niliweza kujibu mambo mawili tu: ndiyo, na asante sana. Mke wangu akasema uongo ni wangu, niubebe mwenyewe, kubeba si ndiyo kazi yangu? Akakata simu.

Maji yamenifika shingoni.

Jumanne, 4 Juni

Nina akili mimi! Sijui kwa nini watu hawalioni hili.

Kosa ni kusema. Asiyesema hakosei. Basi nimepoteza sauti. Nimeamka na taulo shingoni, nikagusa koo, nikakunja uso. Bibi Raba akanipeleka dirishani, akanikandamiza ulimi kwa kijiko cha supu, akatazama humo ndani muda mrefu. Akaamuru nisitamke neno lolote mpaka koo lipone, na nisukutue maji ya chumvi asubuhi, mchana na jioni. Nilielewa kwa sababu aliyaigiza yote kwa mikono.

Aproni nikavuliwa hapohapo! Ikaenda kwa fundi cherehani, mwanafunzi mwenzetu, mama mnene mwenye kicheko, aliyemkaribisha mjusi chumbani kwa Kiswahili cha hali ya juu. Nimekula nikiwa nimenyoosha miguu. Mayai ametoka jasho mezani akitafuta neno la kijiko.

Alhamisi, 6 Juni

Mdomo unaniwasha. Sikujua kama kunyamaza ni kazi. Mimi mtu wa kuongea, hata masanduku huwa nayasemesha kwenye ngazi. Leo nimetembea ua mzima nikizunguka, nikarudi, nikazunguka tena. Nimepanga viatu. Nimevipangua.

Halafu Bibi Raba amepata wazo lake. Anasema (fundi cherehani alinionyesha kwa vidole) kwamba mimi ni msikilizaji bora kuliko wote waliowahi kupita hapa. Simkatizi mtu. Kwa hiyo kila mwanafunzi atakuwa anakaa nami kwa zamu na kunisimulia. Nimekuwa ukuta wa watu kufanyia mazoezi! Fundi cherehani amenieleza habari ya mumewe, nadhani, au ya cherehani yake. Alilia katikati. Nami nikaitikia kwa kichwa, nikamshika bega. Akaondoka akiongea Kiingereza kama bomba lililopasuka.

Wote wanaendelea mbele. Kwa ajili yangu!

Jumamosi, 8 Juni

Anayekuja zaidi ya wote ni Mayai. Kila jioni anakalia kitanda chake, mimi changu, anajifanya mtu wa mapokezi na mimi mgeni. Ananikaribisha. Ananipa ufunguo, yaani mswaki wake. Ananielekeza ghorofa ya tatu. Ananitaka nibebe sanduku langu mwenyewe, kisha anakumbuka, anaomba radhi, analibeba yeye.

Namfundisha adui yangu kazi yangu. Lazima nimvuruge.

Mpango: akisema sawa, nakataa kwa kichwa. Akikosea, naitikia kwa furaha. Akaushike uongo huo aende nao mbele ya meneja. Mpango safi, ila una kasoro moja. Sijui lini anakosea. Leo nimekataa kitu, akashtuka, akakimbia kumuuliza Bibi Raba, akarudi na maneno mapya. Nikakataa tena, akakimbia tena. Amekimbia jioni nzima na kila akirudi anasema vizuri zaidi. Ameniwekea kipande cha mkate mezani, eti shukrani.

Nimekula. Lakini kwa hasira.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeponea chupuchupu.

Nilikuwa napasuka. Kifua kimejaa maneno. Nyuma ya banda la kufulia kuna tangi kubwa la plastiki lililokauka, limelazwa ubavu. Nikaona, nikiingiza kichwa na mabega humo ndani, nani atanisikia? Nikaingia. Nikasema, "Jamani." Raha iliyoje! Nikaanza kumsema Mayai, nikamsema meneja, nikamsema Bibi Raba na raba zake, nikamalizia na kikundi kizima cha mama mkwe.

Tangi lile linakuza sauti na kuigeuza isitambulike ni ya nani. Nyumba nzima ilisikia. Nilipochomoa kichwa nikamwona fundi cherehani na wengine wanakuja mbio, Bibi Raba mbele yao na aproni mkononi. Mayai alikuwa ameshafika kabla yao. Alinitazama. Akanisukuma pembeni, akaingiza kichwa chake ndani ya tangi, akasema kwa Kiswahili kikubwa kikubwa kwamba mayai yamekwisha sokoni.

Alivishwa aproni mbele ya macho yangu. Hakunitaja. Baadaye akiwa anasugua sufuria alinieleza kwa nini, polepole, kwa Kiingereza, akitabasamu. Sikuelewa.

Nimejisikia vibaya. Kweli, vibaya sana. Nikachukua kitambaa nikamkaushia sahani mbili. Kisha nikajiuliza: mtu hatoi msaada wa namna ile bure. Anataka nini huyu?

Jumatano, 12 Juni

Nimejua anachotaka. Kunitambia!

Jioni amefunga mlango, amekaa karibu yangu, amekuwa makini kama mtu anayeposa. Akaongea muda mrefu. Nilikamata neno la kaunta, neno la meneja, na neno la mjukuu. Akajigusa kifua, akafanya mkono kama anageuza yai kwenye kikaango, akatabasamu. Kisha akanigusa mimi kifua, akasimama wima kama mtu wa mapokezi, akaniinamia. Maana yake iko wazi. Yeye akishapanda kaunta, mimi nitamwinamia na kumkaangia mayai.

Akauliza swali, akanikazia macho. Nikakataa kwa kichwa. Akashangaa, akauliza tena, taratibu zaidi. Nikakataa kwa nguvu mpaka taulo likadondoka. Akauliza mara ya tatu, amenishika mkono. Nikakataa, na kidole nikakitikisa juu yake.

 Macho yamemlowa. Akanibana mkono kwa mikono yake yote miwili ya siagi. Ameshindwa kunivunja moyo, inamuuma.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna jipya. Chumvi imegeuza ulimi wangu kuwa soli ya kiatu. Kesho sauti itarudi ghafla, mbele ya meneja, na mshangao wenyewe utafunika makosa madogo madogo. Nimezunguka ua mpaka mbwa amechoka kunifuata.

Jumamosi, 15 Juni

 Acha niandike kwa mpangilio.

Meneja alifika saa nane mchana. Mayai akaingia kwanza. Nilisikia mlangoni: meneja anacheka, Mayai anacheka, Bibi Raba anacheka. Bibi Raba anacheka! Kisha nikaitwa. Nikavua taulo. Nikatoa sauti, nikasema asubuhi njema. Ilikuwa mchana, lakini Bibi Raba alifurahi kwamba nimepona, akapiga makofi.

Meneja akainama mbele, akaniuliza jambo refu, sauti ya upole, akimwonyesha Mayai. Sikuambulia hata neno. Siku zote hizi sijatumia kingine ila kichwa, na kichwa kikafanya chenyewe. Niliitikia. Akauliza kama nina hakika. Nadhani ndivyo alivyouliza. Nikaitikia tena, na tabasamu juu. Akasimama, akanipa mkono, akampa Mayai koti la bluu la mapokezi.

Kengele ya kufunga ikapigwa. Kiswahili ruksa! Watu wakalipuka kama mvua juu ya bati. Nikamshika Mayai shati nikamwuliza amenifanyia nini.

"Mimi nimekufanyia?" akasema. "Ndugu yangu, si wewe uliyenipa? Nilikwambia mimi ile kaunta siitaki. Nafanya mayai asubuhi, saa sita niko kwangu nimelala. Mimi Kiingereza nilikitaka kwa ajili ya mjukuu tu. Kazaliwa huko mbali, kila nikimpigia tunabaki kupumuliana kwenye simu. Nikakuuliza, nimwambie meneja akupe wewe? Ukakataa. Nikakuuliza tena. Mara tatu, bwana! Mpaka ukaninyooshea kidole nisikatae bahati. Nikasema, huyu kweli ni ndugu."

Nikamwuliza meneja naye aliuliza nini.

"Aliuliza kama ni kweli unapenda ubaki kwenye mizigo. Ukaitikia."

Na kwenye tangi?

"Ulikuwa mgonjwa. Ningekuachaje uoshe vyombo?"

Nilikaa juu ya sanduku langu. Nilitamani kulia, na nikalia kidogo, akanipigapiga mgongo kwa mkono unaonukia siagi, akasema yeye naye imemgusa. Jioni kwenye ofisi alimpigia mjukuu. Waliongea. Alikosea mke na mume, mtoto akacheka hukohuko, akamsahihisha. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima uking'aa vile. Ningekuwa mtu mwingine ningejifunza kitu.

Jumapili, 16 Juni

Hotelini nilimwomba Mayai koti na kaunta kwa muda mfupi tu, mama mkwe anione halafu nimrudishie. Akavua kabla sijamaliza sentensi. Akajificha nyuma ya mlango wa ofisi.

Mama mkwe akaingia na wenzake, viatu vipya wote. Nikasimama wima. Akawaambia, "Si niliwaambia? Huyo hapo!" Wakapiga makofi. Mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Ndipo mgeni mmoja mrefu, mama wa kofia, akaweka kiwiko kwenye kaunta yangu akaniuliza kitu kirefu kwa Kiingereza. Mama mkwe akawanyamazisha wenzake ili wasikie mkwewe anavyokimwaga.

Mayai alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Ningemwita tu. Badala yake mkono wangu, naapa ulipanda wenyewe, ukagusa koo. Nikakunja uso. Nikakohoa bila sauti.

Mama mkwe akapiga ukelele. "Maskini mkwe wangu! Kazi imemkata sauti!" Akanivua koti palepale. Mayai alipotoka kuja kuniokoa akamvika yeye, akamwagiza anishikie nafasi, na akishindwa aniite. Mayai akamhudumia mama wa kofia vizuri sana. Mimi nikapelekwa nyumbani nimeshikwa mkono.

Wanawake wa kikundi wamerudi na basi la jioni. Mama mkwe hakurudi. Alinikalisha sebuleni, akaniuliza, "Baba, nikae hapa nikuuguze mpaka sauti irudi, hata ikichukua mwezi?" Kichwa kiliitikia kabla sijaelewa. Mke wangu anajua kila kitu. Amekaa mbele yangu ananiuliza maswali yanayotaka maelezo marefu, kisha anaingia jikoni kucheka.

Naandika bafuni. Mama mkwe anagonga, ana kikombe cha maji ya chumvi, anauliza nimezidiwa au vipi. Siwezi kumjibu. Lakini nimeshapata wazo, na safari hii halina kasoro hata moja. Kesho nitaamka sisikii.