Kaptura Nyeupe ya Khamis

Leo nimeadhirika, jamaa zangu wa Tanga. Nimeadhirika mbele ya skuli nzima!

Wiki iliyopita mwanangu Khamis alirudi na amri ya Maalim Mkuu: siku ya michezo kila mtoto avae kaptura nyeupe na fulana nyeupe. Asiyevaa hakimbii. Na mwezi ujao, viatu vya raba! (Sisi zamani tulikimbia miguu mitupu, na tulifika.) Khamis ndiye mwenye mbio kuliko wote darasani. Akasusa chakula.

Fulana tuliazima. Kitambaa cha kaptura hakikupatikana. Mke wangu, Bi Mize, akaishika shuka yangu nyeupe, ile ninayoivaa ndani ya kanzu, akaitia mkasi.

"Na mie n'vae nini?"

"Vaa kanga yangu. Ndani ya kanzu nani atakuona?"

Nikaipokea kanga. (Miaka ishirini nimezunguka pwani nzima, nimerudi na shuka moja.)

Asubuhi tukapanda gari la mbao kutoka kijijini kwetu Kengeja mpaka uwanja wa Gombani. Mimi na kanzu yangu ya melimeli, kitambaa chepesi cha fahari, imepigwa pasi, mikono nyuma kama mkubwa wa forodha. Wazazi wenzangu walinichagua niwe msemaji wao, kwa kuwa nimesoma sekondari. Nimwombe Maalim afute habari ya viatu, maana kila nyumba imeshaelemewa.

Khamis akakimbia. Akawa wa kwanza! Nilipiga kelele mpaka kofia ikaanguka. Papo hapo mvua ya vuli ikamwagika, ikatulowesha chapachapa, ikakatika.

Nikaitwa kusema. Nikawaelekea wakubwa waliokaa bandani, mgongo nikawapa watoto wa darasa la pili.

"Maalim, habari ya viatu, si kwamba sisi wazazi hatutaki kutoa..."

Nyuma yangu nikasikia kitoto kimoja kinasoma, kama kiko mbele ya ubao: "Hu-yu... wa-ngu..."

Wenzake wakadakia kwa pamoja: "HUYU WANGU SIMWAZIMI!"

Yarabi! Melimeli ikilowa ni kama kioo. Kanga nyekundu ya Bi Mize imenigandama nyuma, na maandishi yake yote yanasomeka!

Nikageuka kuwanyamazisha. (Kosa kubwa.) Sasa wakubwa nao wakasoma.

"Bi Mize!" akaita mzee mmoja. "Kwani nani kaja kumwazima?"

Nikatazama upande wa wanawake kutafuta msaada. Buibui la Bi Mize lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

"Bwana, kanga imefikaje huko?" akauliza Maalim, machozi yanamtoka.

Hotuba yote ilikuwa imenikimbia. Nikanyoosha kidole kwa Khamis.

"Shuka yangu ile pale, Maalim. Imeshinda mbio."

Maalim akaacha kucheka. Akaitazama ile kaptura, mishono yake ya mkono, akanitazama mimi. Kisha akawatazama wazazi wengine, mmoja mmoja, kama anayejiuliza nao wamevaa nini ndani.

"Habari ya viatu basi," akasema. "Mwezi ujao watakimbia miguu mitupu."

Wazazi wakanishangilia. Nikatoka uwanjani kinyumenyume, hadi garini.

Nawaombeni msinicheke. Au chekeni, lakini nitumieni shuka. Rangi yoyote, mradi haina maandishi.