Kamera Yenye Mtoto wa Jicho

Eliakim Murunga alikuwa na sheria moja tu kazini, na aliishika kuliko wengi wetu tunavyoshika Amri Kumi: usimwibie mtu. Mwache akupe mwenyewe, tena akuage kwa asante.

Kazi yake ilikuwa mtaani Huruma, kwenye baraza ya duka la mafuta taa, chini ya kibao alichokiandika kwa mkono wake: DAKTARI WA KAMERA, DARUBINI NA MIWANI. Udaktari huo aliusomea wapi, msiniulize mimi. Dawa yake ilikuwa moja, mafuta ya kukamulia ng'ombe. Ukimletea kamera yenye shida anaifungua, anageuka kidogo kukohoa, na kidole gumba chake kinapita nyuma ya kioo cha lenzi. Kisha anakuambia uchungulie. Utaona nini? Ukungu mtupu!

"Pole sana," anakwambia kwa uso wa matanga. "Huu ni mtoto wa jicho. Lenzi hii haitaona tena."

Unamwachia kwa bei ya sabuni. Ukishakata kona, anaipangusa kwa kitambaa na kuipeleka sokoni ikiwa nzima.

Ulikuwa mwaka wa mlolongo, watu walipopanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wao, na picha zilikuwa na soko. Johnstone, mwenye studio mjini, alimwambia kila mpiga picha aliyemjua: "Atakayeniletea lenzi ndefu ya kuwapiga picha wakimbiaji pale stediamu, huyo ni mshirika wangu. Jina lake litakaa kwenye kibao kando ya langu."

Eliakim aliposikia hakulala. Babake Leonida, mchumba wake, alikuwa ameshasema kwamba binti yake haolewi na mtu wa baraza. Apate mlango wake wa biashara kwanza, ndipo aje na wazee. Kwa hivyo lenzi ndefu ndiyo ilikuwa studio, na studio ndiyo ilikuwa Leonida. Na msidhani alikuwa anacheza. Alimpenda msichana yule kweli, labda kitu pekee duniani ambacho hakuwahi kukipaka mafuta.

Basi Alhamisi asubuhi akatokea mama mmoja wa makamo, sweta ya kanisani, leso mabegani, kapu mkononi.

"Hodi, daktari."

"Karibu, Mama. Mgonjwa ni nani?"

Mama akatoa kamera, na mbele ya kamera kulikuwa na lenzi ndefu kama mchi. Eliakim akameza mate.

"Ni ya marehemu mzee wangu," mama akasema. "Siku hizi picha zinatoka kama tumepigia ndani ya uji."

Eliakim akaigeuza mwangani. Kioo kilikuwa safi kabisa. Kilichochafuka ni kile kioo chembamba cha kukinga vumbi kule mbele, kimeshika moshi wa jikoni. Ukikifungua na kukiosha, mgonjwa amepona. Eliakim akakohoa. Kidole kikapita.

"Hebu chungulia, Mama."

"Uuwi! Sasa hata duka sioni!"

"Mtoto wa jicho. Pole sana."

Mama akatikisa kichwa kwa huzuni. Halafu akauliza, "Lakini daktari, tutajuaje si kamera yenyewe iliyo mgonjwa? Kama una lenzi nzima, si tuijaribu hapo?"

Swali la haki kabisa. Ndivyo mafundi wote hufanya: unabadilisha lenzi, ukungu ukiisha basi umejua mwenye makosa. Eliakim hakuona hatari yoyote. Akatoa lenzi yake mwenyewe, ya Kijerumani, yenye kovu dogo kwenye pete yake, ile iliyomlisha kila Jumamosi kwa harusi na matanga. Akaifunga kwenye kamera ya mama.

Mama akazungusha pete polepole, akielekeza kamera kwenye picha iliyobandikwa nguzoni. "Sasa naona! Hata kope! Na huyu msichana mrembo ni wa nani?"

"Huyo ni Leonida Nanyama," Eliakim akajibu, kifua mbele. "Yuko kiwanda cha nguo. Kwao Kimilili. Mungu akipenda, nitamuoa."

Kamera ikashuka. "Leonida wa Kimilili? Mtoto wa dada yangu?" Mama akajifunika uso kwa leso. "Uuwi! Na nimekaa hapa nakutazama machoni! Geuka, mwanangu, geuka!"

Kwao Bungoma, mama mkwe hatazamwi usoni, na mdogo wake ni mama mkwe vilevile. Mtu anaweza kumdanganya chifu, akamdanganya pasta, lakini akimkosea adabu huyo, ndoa imeingia maji. Eliakim akageukia ukuta, kichwa chini, mikono nyuma.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hata mimi. Usigeuke! Na pesa zako nitachukuaje, wewe ni mkwe? Lenzi yangu iliyokufa nakuachia. Kaizike."

Bure! Eliakim akauchekea ukuta kimyakimya. Nyuma yake kapu likachakarika, gazeti likakunjwa, champali zikaondoka. Yeye akabaki pale kwa heshima zote, mpaka muuza mafuta taa akamuuliza, "Eliakim, ukuta unakwambia nini?"

Akageuka. Mezani kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa vizuri kwenye gazeti. Akakifungua huku akimshukuru Mungu. Kilikuwa kipande cha bomba la maji, kimepakwa rangi nyeusi, mdomoni kimegandishwa kitako cha chupa ya soda. Na lenzi yake ya Kijerumani ilikuwa imeondoka, ikiwa kwenye kamera ya mama mkwe.

Alikimbia mpaka lango la kiwanda, akaomba aitiwe Leonida.

"Mama yako mdogo anakaa wapi?"

"Mama mdogo gani? Mama yangu hana dada, ndugu zake ni wavulana watupu. Eliakim, umekunywa?"

Mbio tena, mpaka kwa Johnstone, angalau amwombe siku chache za kutafuta lenzi ndefu nyingine. Nje ya studio kulikuwa na mtu juu ya ngazi, anamalizia kuchora kibao: JOHNSTONE NA TRYPHOSA. Ndani alisimama yule mama, leso mabegani, anamtazama machoni bila aibu yoyote.

"Karibu, mkwe."

"Wewe mama! Lenzi yangu!"

"Ipi? Hii ya Kijerumani, yenye kovu kwenye pete?" Sauti ya Tryphosa ikapungua. "Mzee wangu aliiangusha siku ya ubatizo wa kifungua mimba wetu. Mwaka juzi akakuletea, ukamwambia ina mtoto wa jicho. Amekufa akiamini aliiharibu kwa mikono yake."

Eliakim akamkumbuka yule mzee mpole, aliyemshika mkono na kumwambia asante. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mimi sijaiba," Tryphosa akasema. "Umenipa mwenyewe. Ukitaka twende kituoni, lakini nitabeba na kitambaa nilichopangusia ile ndefu. Kinanuka mafuta ya ng'ombe." Akainua kamera, akazungusha pete. "Sasa simama hapo mwangani. Nataka picha ya dirishani. Usitikisike, mkwe."

Jumamosi picha ilikuwa dirishani, Eliakim mzima, mdomo wazi, mkono umeinuliwa kujikinga. Lenzi ile haikuwa na kosa lolote. Ungeweza kuona hata kidole gumba kinavyong'aa mafuta.

Leonida alisimama hapo nje, akaitazama mpaka kwenye kile kidole. Kisha akaingia, akamsikiliza Tryphosa mpaka mwisho, akaagiza nakala moja ya kumpelekea baba yake.