Barua Tatu za Mashine Iliyoungua

Vinyozi watatu wa mtaa mmoja walipopandisha bei ndani ya wiki moja, wapita njia waliguna. Mshauri alimeza mate kwa tamaa. Cheo hicho cha Mshauri alijipa mwenyewe mbele ya kioo, na hakupata mpinzani.

Akaingia duka la kwanza, kabeba mkoba mtupu.

"Kaka, ofisi ya ushindani wa biashara inakuja. Watasema mmekula njama."

"Njama gani? Niliona kibao cha jirani, nikabadilisha changu!"

"Kawaeleze hivyo wakishachukua leseni. Au nikuandikie barua ya kujieleza."

Malipo yalikuwa pesa taslimu na huduma ya bure. Kwa huyo kaka alinyolewa nywele. Kwa dada wa duka la pili, ndevu. Kwa mzee wa duka la tatu, alipunguzwa masharubu. Barua aliuza tatu, ila kichwa chake, chenye akili nyingi kwa ushahidi wake mwenyewe, kilitunga moja tu: "Nimepandisha bei kwa sababu mashine yangu iliungua Jumanne saa nne."

Ijumaa mkaguzi wa ofisi hiyo, mama mpole wa miwani, barua zote tatu zikiwa mezani pake, akawaita vinyozi ofisini. Mshauri naye akajipenyeza, kusaka wateja wapya.

"Bei kufanana peke yake si kosa," alisema mkaguzi. "Kila mtu ana macho. Nilikuwa nafunga faili. Lakini mashine tatu kuungua saa ileile? Hapo mmepanga."

"Mimi hata mashine sina, mwanangu," mzee alikiri. "Natumia mkasi. Ila barua ilikuwa tamu!"

"Kaandika nani?"

Vidole vitatu vikamwelekea Mshauri. Akasimama, akakohoa kama jaji.

"Mheshimiwa, watu hawa siwajui. Wanajiokoa tu. Na ushahidi wa mazingira hautoshi mpaka maelezo mengine yote yashindwe!" Sheria hiyo alikuwa ameisoma dakika tano kabla, kwenye bango la mlangoni.

"Sawasawa kabisa," mkaguzi alitabasamu. "Nywele hizo kanyoa nani?"

"Mimi," alisema kaka.

"Ndevu?"

"Kazi yangu hiyo," alisema dada.

"Sadfa tu hizo!" Mshauri alilia.

"Masharubu nilipunguza mimi," mzee alinong'ona kwa aibu. "Upande mmoja mkasi uliteleza."

"Upande upi, mzee?"

Kabla mzee hajajibu, mkono wa Mshauri ulikuwa umeshakimbilia kufunika sharubu la kushoto.

Mkaguzi akafunga faili la vinyozi, akafungua jipya.