Kitufe cha Ruhusu

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi katuita ofisini kwake, mimi na karani mwenzangu, Miwani. Tovuti ya shule yetu ya udereva imezimika tangu aliyeitengeneza aondoke. Kuanzia mwezi ujao meza ya ukarani itabaki moja. Atakayeirudisha tovuti hewani kufikia Ijumaa ndiye atakayeikalia. Hivyo hivyo, bila hata kutukaribisha kiti!

Miwani, ambaye husoma hata maandishi ya nyuma ya dawa ya meno, akaomba muda wa kusoma maelekezo. Mimi nikasema siyahitaji. Nikasema nitaifanya kwa kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, kama wataalamu, bila kugusa kipanya. Nimeiona kwenye video. Nusu ya video. Mkurugenzi akanitazama kwa heshima. Heshima! Mara ya mwisho kutazamwa hivyo ni siku ya harusi yangu.

Jumanne, 4 Machi

Kompyuta ya ofisi imegoma. Kuweka programu mpya inataka nywila ya mkurugenzi, na kumwomba ni kukiri kwamba sijui. Afadhali nife.

Imebaki kompyuta ya shemeji, kaka wa mke wangu, mpiga picha za harusi. Kipenzi cha mama mkwe. Mwaka jana alinisaidia kuunganisha printa, na hadi leo hakuna kikao cha familia ambacho hiyo printa haitajwi. Kwa hiyo ukweli sikumwambia. Nimesema naandika barua ya kuomba kazi. Akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama hali imefikia huko. Mke wangu akaniangalia, kisha akaangalia sahani. Uso umenishuka, lakini kompyuta ninayo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepakua programu yenyewe, ile ya kupeleka tovuti kwenye seva za mbali. Nikaandika amri. Dirisha jeusi likajibu kwamba haliijui. Nikaiandika tena kwa herufi kubwa. Haliijui. Nikalitukana, nikalifunga kwa hasira, nikalifungua tena. Likakubali! Naweka kumbukumbu: dawa yake ni hasira.

Kisha amri ya kuingia. Likanirusha kwenye kivinjari, ukurasa mrefu wa maandishi, na chini yake kitufe kikubwa: RUHUSU. Kwenye kona, ndani ya duara, kipicha cha mtu anayecheka. Pambo. Nikabonyeza. Nikaambiwa nimeshaingia. Hakuna nywila, hakuna maswali. Maishani mwangu sijawahi kupokelewa mahali kwa urahisi hivyo. Hata ukweni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechomeka flashi yenye mafaili ya zamani ya shule. Dirisha likauliza niyapeleke kwenye mradi upi. Kwenye orodha upo mmoja tu. Nikajua ni wetu. Likauliza kama lifute yaliyomo na kuweka mapya. Nikajibu ndiyo. Ya nini kulea takataka?

Iko hewani! Gari letu jekundu la kujifunzia, ratiba ya somo la kurudi nyuma, kila kitu. Mkurugenzi kanipa mkono mbele ya wanafunzi. Miwani akauliza kwa nini anwani ina neno harusi. Nikamwambia ni jina la seva, mambo ya ndani sana hayo. Akarudi kwenye kusoma kwake. Wivu tu! Meza nimeshaipima. Nitaisogeza karibu na dirisha.

Ijumaa, 7 Machi

Unga umemwagika.

Shemeji kaja ofisini anatokwa jasho. Bibi harusi mmoja kafungua tovuti ya shemeji achague picha zake, kakuta ratiba ya kurudisha gari nyuma. Mama wa bibi harusi kapiga simu kuuliza wanamaanisha nini. Na kile kipicha hakikuwa pambo. Alikuwa shemeji mwenyewe, anacheka. Kivinjari chake kilikuwa bado kinamkumbuka, nami nikaingia kwa jina lake na kufuta kazi yake.

Akavuta kompyuta, akafungua dirisha jeusi. Dirisha jeusi! Kumbe analitumia kila siku. Amri moja tu, maharusi wakarudi. Gari letu likatoweka. Mkurugenzi akamuuliza kama anaweza kuja siku moja moja kumsaidia Miwani. Mimi kaniambia nimalizie mwezi. Miwani hakucheka. Angecheka, ningepata wa kumchukia.

Nyumbani mke wangu kasema ningemwomba tu kaka yake, angenifanyia. Hakusema kwa ukali. Hilo limeniuma kuliko kazi yenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimelitafakari sana. Kosa ni la kompyuta ya shemeji.

Nafungua ofisi yangu mwenyewe ya kutengeneza tovuti. Mteja wa kwanza ni fundi cherehani jirani yetu, nimemwahidi yake kesho. Mke wangu ana kompyuta ya kazini, ya ofisi ya wakili. Yeye yuko kwa mama yake. Sijaona haja ya kumsumbua kwa maelezo.

Programu imeingia. Dirisha limeleta ubishi, nikatumia hasira, likatii. Kivinjari kimefunguka. Ukurasa mrefu. RUHUSU. Kwenye duara safari hii kuna mwanamama wa makamo, koti jeusi, wala hacheki. Sura ya kazi kabisa. Nikabonyeza.

Orodha ina mradi mmoja tu. Linauliza kama lifute yaliyomo.

Ndiyo.