Miguu ya Mzee Suti

Jumatatu, 4 Machi
Daktari katoa neno. Mzee Suti, fundi cherehani aliyepigwa na kiharusi, akitembea mwenyewe mpaka mlangoni Ijumaa, anarudi kwa mkewe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa hospitalini ni mimi, kwa hiyo sifa ni zangu. Tatizo ni Dada Muuguzi. Mgonjwa aliyepita nilimnyoosha mimi, pongezi akabeba yeye. Safari hii thubutu. Nitamfanyisha mzee mazoezi ya ziada kabla ya chai, kimyakimya. Kwenye faili siandiki kitu. Mzee kakubali. Kasema kwa mkewe atakwenda hata kwa kutambaa.

Jumatano, 6 Machi
Mambo safi. Nimeanza kutunga hotuba. Dada Muuguzi kauliza mbona natabasamu. Nikasema nimelala vizuri. Naye alikuwa anatabasamu. Sikupenda.

Alhamisi, 7 Machi
Mzee kasinzia na kijiko mdomoni. Uvivu huo. Nimeongeza mazoezi.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Mzee kasimama mbele ya daktari, magoti yakagoma, akaketi. Machozi yakamlengalenga. Roho iliniuma, sisemi uongo. Daktari akauliza nani kamchosha hivi. Wote tukaangalia dari. Mzee akatutaja mwenyewe: mimi kabla ya chai, Dada Muuguzi mchana, mpishi wa hospitali jioni, akimzungusha jikoni. Kila mmoja alimwomba asiseme, naye hakutaka kumvunja mtu moyo. Daktari katukalisha kama watoto wa chekechea. Sasa ni mpango mmoja, faili moja: mimi mazoezi, Dada Muuguzi dawa na mapumziko, mpishi abaki na sufuria zake. Jumatatu mzee anajaribu tena.

Jumatatu, 11 Machi
Katembea! Polepole, lakini mwenyewe. Mkewe alikuwa mlangoni. Akamwambia kola imekaa upande, akamtengenezea, wakaondoka wameshikana mikono. Tulilia wote, mpishi kuzidi wafiwa. Daktari kasema hii ndiyo kazi ya pamoja. Nilipiga makofi kwa moyo mweupe.

Mchana kaingia bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Tumekubaliana kila kitu kiandikwe. Vizuri sana. Nimemnong'oneza tu kwamba kesho naweza kupita mapema, saa kumi na mbili. Kajibu saa hiyo kashamwahidi Dada Muuguzi.

Watu wengine hawajifunzi. Nitapita saa kumi na moja.