Kushuka Mlimani na Bi Alawiya

Jumapili, 1 Mei 1949

Siku ya tisa huku juu. Ukungu tangu asubuhi. Misonobari kila upande, na kimya. Sauti ni ya maji tu, yanayodondoka matawini.

Bwana Faraj, mwanawe Bi Alawiya, ametukodishia nyumba hii kwa miezi miwili ili kifua cha mamake kipate hewa baridi ya milima ya Bara Hindi. Mwenyewe amerudi Bombay kwenye biashara zake. Nimebaki mimi, Jael, wa kumtunza mama, kumpikia, na kumfasiria Kiingereza nilichojifunza misheni.

Leo imefika barua kutoka Changamwe, ya mume wangu Ruwa. Margaret wetu ameng'oka meno mawili ya mbele. Aliyeyatupa juu ya paa ni mavyaa wangu, Kafedha. Anayemsuka nywele sasa ni huyo huyo. Mtoto anasema mkono wa bibi hauumi kama wa mama. Ana miaka sita tu. Nikikaa huku miezi miwili, mavyaa atakuwa amemchukua mzima mzima.

Nimelia kidogo jikoni. Kisha nimeamua. Lazima Bi Alawiya apachukie hapa.

Jumanne, 3 Mei

Mpango wa kima. Wamejaa msituni, wakubwa, nyuso nyeusi, mikia mirefu. Niliweka chapati dirishani, nikafungua kioo, nikangoja Bi Alawiya apige kelele na kutaka meli.

Wakaja watatu. Chapati wakala. Mmoja akaingia ndani, akamtazama Bi Alawiya kwa adabu, akachukua sweta yangu kitini akaenda nayo. Sina nyingine.

Bi Alawiya alicheka hata akashika mbavu. Hajacheka hivyo tangu tushuke melini. Amesema mlima huu una wenyeji wachangamfu. Baadaye akanivika shali yake ya sufu, akanifunga pini kifuani kama mtoto wa chuoni. Nikaona haya. Haikudumu hadi chakula cha mchana.

Alhamisi, 5 Mei

Daktari huja kila Alhamisi. Hajui Kiswahili, Bi Alawiya hajui Kiingereza. Katikati niko mimi.

Bi Alawiya aliniambia nimwambie amelala fofofo juma zima, wala hakukohoa. Nikafasiri kwamba bibi anakohoa hadi alfajiri, hewa hii haikumpenda. Nilitaraji aseme basi, arudi pwani.

Alitikisa kichwa kwa huruma. Akasema kifua kama hicho kinahitaji mlima zaidi. Ameongeza mwezi mzima, na atamwandikia Bwana Faraj mwenyewe.

Bi Alawiya akauliza amesema nini. Nikasema anasema unaendelea vizuri. Alitabasamu hadi nikashindwa kumtazama. Wali wa jioni nimeuunguza.

Jumatano, 11 Mei

Barua ya Bwana Faraj. Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, ambazo mimi sizijui na Bi Alawiya huzisoma bila miwani. Alisoma mara mbili.

"Jael, ndoo hapa."

Nikaitika abee. Akauliza ni nani anayekohoa hadi alfajiri katika nyumba hii.

Nikapiga magoti nikasema yote. Margaret, mavyaa, kima, daktari. Nilidhani atanifukuza, na njia ya kituo cha reli siijui.

Akasema, "Wallahi, mimi hukohoa kweli. Huziba mdomo kwa mto, usinisikie. Nataka daktari anione mzima, turejee kwetu."

Karibu majuma matatu tumelala chumba kimoja, tukidanganyana kwa ajili ya safari ile ile.

Nikamwuliza mbona asimwambie mwanawe ukweli.

"Faraj alinibeba mgongoni, mwanangu. Kutoka barabarani hadi mlangoni, huku akinionyesha miti. Nitamwambiaje sipataki?"

Akasema anachokumbuka cha kwetu ni jasho. Kuoga, kukaa barazani, na jasho likutoke tena papo hapo. Nikasema mimi nakumbuka mbaazi za nazi. Tukalia wote wawili. Kisha akamenya chungwa, akanipa nusu kubwa.

Alhamisi, 12 Mei

Asubuhi nilikuwa tayari kumwandikia Bwana Faraj ukweli wote. Kalamu mkononi. Bi Alawiya akakubali, akasema hiyo ndiyo busara. Kisha tukanywa chai, na wazo bora likaja.

Leo nitakohoa mimi. Bibi mzima, mtumishi mgonjwa. Mtumishi mgonjwa atarudishwa kwao, na bibi mzee hawezi kuachwa peke yake. Nimelipindua kila upande, sioni kosa.

Tumefanya mazoezi hadi sasa. Bi Alawiya anasema kikohozi changu ni cha kanisani, cha kuomba radhi. Amenishika mgongo akanionyesha kinapoanzia. Naye nimemfundisha maneno mawili ya Kiingereza ya kumwambia daktari: mbaya sana. Anayasema vizuri, mkono kifuani, na machozi juu yake.

Barua ya kwenda kwa Ruwa nimeshampa mtu wa posta. Humo nimemwambia mwezi ujao waje bandarini kutupokea, na Margaret avae gauni la njano nimwone kwa mbali.

Daktari anabisha. Naanza kukohoa.